Mawe ya Ukuta wa Nyamuhinga

Jumanne, 6 Februari

Mada ya utafiti wangu imekubaliwa. CT Gédéon Hatungimana, mwalimu wa cheo cha chef de travaux atakayeniongoza, amesoma karatasi yangu mara mbili akiwa amesimama mlangoni, kisha akaiwekea sahihi juu ya goti lake. "Uchimbaji wa mawe na kumomonyoka kwa kingo za mto Nyamuhinga." Mwaka wa tatu, uhifadhi wa mali asili, chuo kikuu cha serikali, Uvira. Ukisema hivyo mbele ya watu inapendeza.

Ameniuliza kwa nini nimechagua mto huo wakati wenzangu wote wanataka ziwa, samaki na viboko. Nimesema uko karibu na kwetu. Sikusema kwamba mama anaponda mawe humo tangu baba alipofariki, na kwamba mawe hayo ndiyo yaliyonifikisha kwenye mlango wake.

Ameniagiza niwe na daftari moja la vipimo na jingine la mambo yasiyopimika. Hili ni la pili.

Jumamosi, 10 Februari

Nimepigilia vigingi saba vya chuma kwenye ukingo wa kushoto, nyuma ya nyumba. Kutoka kila kigingi napima mpaka pale udongo unapokatika. Chini ya ukingo uko ukuta wa gabioni, yaani mawe makubwa yaliyofungwa ndani ya nyavu za waya. Ulijengwa baada ya mafuriko ya zamani, nilipokuwa bado mdogo, na ndio unaozuia mto usile nyumba. Nyumba zenyewe nimezihesabu: arobaini na moja.

Kigingi cha nne kiko nyuma ya jiko la mama Generose, rafiki mkubwa wa mama. Wanakaa jiwe kwa jiwe mtoni, mwaka wa tisa sasa. Leo alikuwa nyumbani na mafua, akaniona na futi yangu.

"Weye Pélagie, unapima nini? Unataka kutuuzisha?"

"Napima mto, mama."

"Mto iko chini kule. Juu ya nini unapima jiko yangu?"

Alicheka mpaka akakohoa. Kisha akanishikia ncha ya futi. Mita sita na sentimita ishirini.

Jumanne, 13 Februari

Joto. Hakuna mvua. Sita na ishirini.

Jumamosi, 17 Februari

Sita na kumi na nane. Naweza kuwa nimekosea kupima.

Jumamosi, 24 Februari

Nimeshinda mtoni na wanawake. Wako kumi na saba, kila mmoja na kivuli chake cha kitenge kikuukuu juu ya fito nne. Kazi yao ilikuwa kokoto: unaokota jiwe, unaliponda mpaka linakuwa dogo, lori linakuja kupakia. Lakini mawe ya kuokota yamekwisha. Mto haujaleta mengine tangu mwaka jana. Na Thierry, mwenye lori, hataki tena kokoto. Anataka mawe makubwa ya msingi, kwa sababu watu wanajenga mtaa wa Kimanga.

Thierry ni mdogo wake André, shefu wa kartie yetu, yaani mkuu wa mtaa. Shefu André ni mtu mpole. Siku ya msiba wa baba alileta viti mwenyewe, akivibeba kichwani.

Mvua ya kwanza imepiga jioni, nusu saa tu.

Jumanne, 27 Februari

Kigingi cha nne: mita tano na sentimita sitini. Nimepima mara tatu.

Mto haujajaa. Mvua ya nusu saa haiwezi kula zaidi ya nusu mita. Nikashuka chini kuangalia ukuta. Kwa mbali uko sawa. Kwa karibu, pale chini ya jiko la mama Generose, waya umekatwa kwa urefu wa mikono miwili. Mawe ya ndani yametolewa, halafu waya umerudishwa vizuri na kupakwa tope ili usionekane. Nimeingiza mkono mpaka begani na sikugusa kitu. Ukuta una tumbo tupu.

Nimekuta matumbo kama hayo matano, kati ya kigingi cha tatu na cha tano.

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimepita kwenye rundo la mama alipokwenda kunywa maji. Mawe matatu ya chini yana mistari ya kutu iliyokatana kama nyavu. Jiwe la mtoni halina kutu.

Nilimngoja nyumbani. Alikuwa ananawa miguu uani.

"Mama, ile mawe ya chini ulitoa wapi?"

"Ku mto."

"Wapi ku mto?"

Akaendelea kunawa. Mguu mmoja, kisha wa pili. Akamwaga maji.

"Pélagie, ulipokuwa unakwenda ku iniversité, uliniulizaka mawe inatoka wapi?"

Nikaingia ndani.

Ijumaa, 8 Machi

Siku ya wanawake. Mama na mama Generose wameshona kitenge kimoja, cha njano na samaki wa bluu, wameandamana na kurudi wakiimba. Mama amenikatia kipande cha kuku kabla ya wote. Hatujazungumzia mawe tangu siku ile.

Jumanne, 12 Machi

Tano na sentimita tano. Mvua siku nne mfululizo.

Nimemwambia CT Gédéon kila kitu, isipokuwa kuhusu mama. Alikuja mwenyewe na mabuti ya mpira, akalala kifudifudi kwenye tope, akaangaza taa ya simu ndani ya tumbo la ukuta. Alipoinuka hakujipangusa.

"Mvua za Aprili zikifika ukuta ukiwa hivi, hautastahimili. Andika ripoti leo. Vipimo, picha, mchoro. Usiandike jina la mtu."

Nikasema bila jina hakuna atakayekamatwa, na asipokamatwa mtu hawataacha. Nilisema hivyo huku jina la kwanza nikilijua.

Akanieleza. Miaka sita iliyopita mwanafunzi wake aliandika majina ya wavuvi waliotumia vyandarua kwenye mazalia ya samaki. Askari wakaja wakachoma mitumbwi mitano. Yote ya maskini. Wenye nyavu kubwa hawakuguswa, na mwanafunzi yule akahama mji.

"Vipimo vinatosha," akasema.

Nilirudi nikimwona mwoga. Pia nilishukuru kwamba ni mwoga. Nayaandika yote mawili.

Jumamosi, 16 Machi

Nimempelekea shefu André ripoti, kurasa kumi na mbili. Alinipa kiti, akaniita "profesa", akasoma ukurasa wa kwanza na wa mwisho.

"Kazi nzuri sana, mwanangu. Nitaipeleka juu."

Akafungua droo, akaiweka. Droo ilikuwa imejaa, ikabidi aisukume kwa goti.

Jumanne, 19 Machi

Nne na tisini. Lori la Thierry limepakia mara tatu leo, mara mbili kutoka mguu wa ukuta. Hayo pia naandika kwenye daftari la vipimo: saa, mahali, safari.

Jumamosi, 23 Machi

Nimerudi kwa shefu. Ripoti haijaenda popote. "Tunangoja kikao." Kwa dirisha lake nimeuona mkono wa Thierry ukining'inia nje ya lori, sigara kidoleni. Alikuwa anangoja nitoke ili aingie.

Basi nikashuka mtoni kuwaambia wanawake mwenyewe. Nilisimama juu ya jiwe. Nilisema kwa vipimo, kama darasani, na nikaona nyuso zikifunga moja moja. Laure, ambaye ni mdogo kuliko wote, ndiye aliyejibu kwanza.

"Sasa tule nini? Tule vigingi yako?"

"Tusogee chini, karibu na ziwa. Kule mto unaleta mawe na hakuna nyumba."

"Kule kamio ya Thierry haifikake!"

Mama Generose aliinua nyundo. Alikuwa hacheki.

"Mutoto, hii jiko unapima iko yangu. Kama minye mwenyewe siogopi, weye unaogopa nini?"

Mama hakuinua kichwa. Aliponda jiwe moja mpaka likawa unga.

Jumapili, 24 Machi

Baada ya misa mama amefunga mlango wa chumba.

"Umenisimamia mbele ya bamama kama polisi."

"Sikusema jina la mtu, mama."

"Ulikuwa unaniangalia! Kila mutu aliona unaniangalia!"

Nikamwambia ukuta ukianguka, Generose ndiye wa kwanza. Nikamwambia yeye anajua, kwa sababu mikono yake ndiyo iliyotoa mawe chini ya jiko la rafiki yake. Nilitaka kuyarudisha maneno kabla hayajamfikia. Alikaa kitandani polepole, kama mtu aliyebeba ndoo.

"Usiniongeleshe tena," akasema.

Jumanne, 26 Machi

Tatu na themanini na tano. Mama ameniachia chakula mezani, kimefunikwa. Hajasema neno.

Jumapili, 31 Machi

Pasaka. Mvua imenyesha wakati wa ibada, hatukumsikia padri.

Shangazi Victoire amepiga simu kutusalimia. Analima viazi huko milimani, upande wa Bijombo, karibu na chanzo cha Nyamuhinga. Mtandao anaupata akipanda kwenye jiwe moja nyuma ya shamba. Nilipomsikia nikawaza jambo ambalo ningepaswa kuliwaza mwezi mzima uliopita. Hatari ya mto wetu haitokani na mvua ya Uvira. Mvua ya kule juu inachukua karibu saa nzima kufika huku.

"Shangazi, ukiona mvua kubwa, unaweza kupanda kwenye jiwe na kuniita?"

"Hata nikiwa nimebeba viazi?"

"Hata ukiwa umebeba."

Akasema sawa, bila kuuliza sababu.

Jumanne, 2 Aprili

Shangazi ameita saa tano asubuhi. Nimekimbia mtoni nikipiga kelele. Wanawake wametoka, wamekaa juu ya ukingo saa mbili nzima na nyundo mapajani. Maji yamefika kwenye vifundo vya miguu, ya rangi ya chai. Basi. Lori lilikuja likakuta hakuna mzigo, likaondoka tupu.

Hakuna aliyenitukana. Afadhali wangetukana.

Jumamosi, 6 Aprili

Ameita tena. Nusu yao wametoka. Maji hayakuja kabisa. Laure amenitupia ganda la ndizi mgongoni, na watu wamecheka. Mama alitoka pamoja na ile nusu, akakaa mbali nami.

Jumanne, 9 Aprili

Mbili na sabini. Ziwa limepanda mpaka barabara ya chini, watu wanavua viatu kuvuka. Mto ukija utakuta ziwa limejaa, hautakuwa na pa kutulia.

CT Gédéon ameandika barua yake mwenyewe kwa ofisi ya mazingira, kwa jina lake na sahihi yake. Ameniomba nakala ya vipimo tu. Nilimwita mwoga humu. Nafuta.

Ijumaa, 12 Aprili

Naandika ya jana.

Ilikuwa saa saba mchana na jua kali. Wanawake walikuwa wameanika nguo juu ya mawe. Nilikuwa kwenye kigingi cha sita simu ilipolia.

"Pélagie." Shangazi alikuwa anapumua kama aliyepigwa. "Hii haiko mvua. Sioni tena shamba ya jirani. Mlima umekatika, miti inashuka. Ondoa batu."

Nilishuka ukingo kwa makalio. "Bamama, tokeni! Tokeni!"

"Mara ya tatu," sauti moja ikasema, na wengine wakacheka. Mbingu juu yetu ilikuwa safi. Ningekuwa wao nisingetoka.

Mama aliinua kichwa. Siku kumi na nane hakuwa amenitazama usoni. Alinitazama sasa, kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua. Kisha akaiweka nyundo chini.

"Tunatoka," akasema.

"Consolate, na weye pia?" Laure akamuuliza mama.

"Mutoto yangu hajawahi kunidanganya. Minye ndio nilimudanganya. Tunatoka, na tukifika juu kila mutu agonge milango. Watu watoke mu nyumba."

Wakainuka. Hawakuinuka kwa sababu yangu, waliinuka kwa sababu mama alikuwa amekwisha kufunga kitenge chake kiunoni. Nilitangulia kupanda nikagonga nyumba ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu walitoka na sahani mikononi. Wazee tuliwabeba. Laure alimbeba bibi mmoja mgongoni huku bibi akimpiga makofi.

Nilipofika nyuma ya jiko la mama Generose nikatazama chini. Wawili tu walikuwa wamebaki. Mama Generose alikuwa anavuta jiwe kubwa kuelekea mahali lori husimama, maana Thierry alimwahidi kupita saa nane. Mama alikuwa amerudi kumchukua. Niliwaona wakisemezana. Ndipo sauti ikafika: kama malori mia yakimwaga mawe kwa pamoja bila kumaliza.

Nilimwona mama anakimbia. Maji yalikuwa kwenye magoti yake, kisha kiunoni, kisha Laure na wengine wakamvuta kwa nguo. Nilipotafuta kitenge cha mama Generose, kile cha njano chenye samaki wa bluu, mto ulikuwa umejaa magogo kutoka ukingo mmoja mpaka mwingine.

Ukuta ulisimama kitambo. Halafu ulipasuka kati ya kigingi cha tatu na cha tano, pale pale. Jiko la mama Generose likaenda kwanza, likiwa na sufuria motoni. Nyumba tisa. Hakukuwa na mtu ndani hata ya moja.

Mama Generose ameonekana leo asubuhi. Wavuvi wamemkuta ufukweni.

Jumapili, 14 Aprili

Tumemzika. Aline, binti yake pekee, siku ile alikuwa Kimanga akiuza maandazi. Hakulia. Alipita mbele ya mama kama anavyopita mtu mbele ya mti.

Mama hali chakula. Wakimuuliza ilikuwaje, anasema, "Hakusikia nilipomuita."

Alhamisi, 18 Aprili

Wakubwa wa mkoa watakuja wiki ijayo kuuliza kwa nini ukuta ulianguka. Shefu André ameandaa maelezo ya kartie. Karani wake amenionyesha: "Marehemu Generose, kwa kutoa mawe kinyume cha sheria nyuma ya makazi yake mwenyewe, alidhoofisha ukuta." Hakuna jina jingine. Hakuna lori. Jumamosi yatasomwa mbele ya watu wote ili yakubaliwe.

Na watu watakubali. Walio hai kila mmoja ana kitu cha kuficha, na yeye hawezi kujibu.

Ijumaa, 19 Aprili

Daftari langu la vipimo linaweza kumwosha mama Generose. Lina tarehe, lina safari za lori. Siku ya 10 Februari alikuwa mgonjwa, na waya wa chini ya jiko lake ulikuwa tayari umelegea kwenye picha niliyopiga siku hiyo, ingawa wakati ule sikuutambua. Lakini nikifungua daftari wataniuliza nani alikata. Na nikiulizwa sitaweza kusema sijui.

Nimemweleza mama alfajiri, jikoni, kabla hajawasha moto. Nilisema sitasoma bila ruhusa yake. Niliomba moyoni aseme usisome. Ndiyo, niliomba hivyo.

"Kesho ni saa ngapi?" akauliza.

"Saa tatu."

"Nipigie pasi ile nguo ya bluu."

Jumamosi, 20 Aprili

Ukumbi wa kanisa ulijaa mpaka nje. Shefu André alisoma kwa sauti yake ya upole. Thierry alisimama karibu naye, mikono kifuani. Shefu alipofika kwenye jina la marehemu alishusha sauti, kama anamhurumia. Watu wakatikisa vichwa. Aline alikuwa mlangoni, hakukaa.

"Kuna mwenye neno?"

Nilikuwa nimefungua daftari. Mama aliweka mkono juu yake akainuka yeye.

"Shefu, futa jina ya Generose. Ama andika yangu juu yake."

Shefu André akashusha karatasi.

"Waya ya kwanza nilikata minye. Nilikata na pensi ya kukatia waya, ya bwana yangu. Kisha wengine wakakata, sitawataja, watajitaja wenyewe. Generose alikuja wa mwisho, tulikuwa tumeshamaliza mawe ya chini ya jiko yake, na hatukumuambia. Hakujua. Huyu Thierry alisimamisha kamio akatuambia, mawe ya ukuta ndio nataka, ingine sipakii. Na weye shefu ulipita siku ile. Ulitusalimia. Uliuliza kama jua si kali."

Shefu André akasema mama Consolate ana uchungu, akae. Mama hakukaa.

"Mutoto yangu atasoma sasa. Batu basikie."

Nikasoma. Kila kipimo na kila safari, na tarehe niliyoweka ripoti mikononi mwake. Sauti yangu ilikuwa ndogo, lakini hakuna aliyesema ongeza. Nilipomaliza, mwanamume aliyepoteza nyumba yake alipiga kelele kwamba mama afungwe. Mwingine akasema lori kwanza. Laure akasimama akasema na yeye alikata, Februari, mara mbili, kisha akaanza kulia na kutoka.

Nilipogeuka, Aline hakuwepo mlangoni.

Jumapili, 21 Aprili

Wametupa mawe juu ya bati letu. Mawili. Mama amesema, "Yatakwisha."

Jumanne, 23 Aprili

Tuliitwa ofisi ya mazingira saa mbili asubuhi. Mama alibeba blanketi na sabuni, kwa kuwa alidhani hatarudi. CT Gédéon alitukuta mlangoni akiwa na tai, mara ya kwanza kumwona hivyo, na barua yake ya tarehe tisa mkononi, yenye muhuri wa kupokelewa.

Walimhoji mama mpaka saa sita. Alisema yale yale. Ameandikiwa onyo na ametakiwa kuweka alama ya kidole gumba, ingawa anajua kusaini. Lori la Thierry limefungiwa uani mwa ofisi mpaka kesi iishe. Shefu André ametakiwa kujibu kwa maandishi ripoti yangu ilikaa wapi siku ishirini na sita. Mguu wa ukuta umefungwa. Wanawake wameruhusiwa kuchukua mawe kule chini karibu na ziwa, kwenye mipaka ambayo CT Gédéon alichora kwa vipimo vyangu, na njia ya gari itakatwa. Sijui itakatwa lini. Thierry ana watu, na shefu bado ni shefu.

Utetezi wa kazi yangu mbele ya walimu umewekwa Julai. CT Gédéon aliponiambia nilitikisa kichwa tu.

Saa kumi na moja jioni, jua likiwa bado uani, Aline aliingia kwetu bila kubisha. Mama alikuwa anasonga ugali. Aline alisimama mbele ya jiko.

"Mama Pélagie, unasemaka mama yangu hakusikia. Mama yangu alikuwa anasikia hata panya. Niambie."

Mama aliacha mwiko ndani ya sufuria. Ugali ulianza kuungua na hakuna aliyeuondoa.

"Alisikia," akasema. "Nilifika pale, nikamushika mukono. Hapa." Akajishika juu kidogo ya kifundo. "Yeye anavuta kwa jiwe, minye navuta kwa ukingo. Nilivuta kwa nguvu yote. Akasema, 'Consolate, unaniumiza.' Nikaachilia. Hakuponyoka, Aline. Nilimuachilia. Nilifikiri atainuka anifuate. Maji ikaja."

Sikuwa najua. Nilikuwa juu na sikuuona mkono.

Aline akachuchumaa pale pale chini, kichwa kwenye magoti, na kilio ambacho hakukitoa makaburini kikatoka. Mama hakumsogelea. Alibaki amesimama na mikono yake wazi, mitupu, hajui pa kuiweka.

Ilichukua muda. Kisha Aline akajifuta kwa kitenge, akainuka, akaondoa sufuria motoni. Akapakua, akitupa sehemu iliyoungua. Sahani ya kwanza aliiweka mbele ya mama.

"Kula," akamwambia. "Tangu siku ile haujakula."

Tukala watatu.